Stefano Kaoze, kalamu ya kwanza ya Marungu

Mwaka 1910 jarida la Kibelgiji, La Revue congolaise, lilianza kuchapisha makala ndefu ya kijana Mkongo. Mwandishi hakuwa mtu wa Boma wala wa Léopoldville. Alikuwa Stefano Kaoze, mseminari aliyezaliwa upande wa Marungu, kusini mwa Kalemie, na umri wake ulikuwa miaka ishirini na kitu.

Kalamu ilimfikiaje? Jibu liko Mpala. Mwaka 1883 Mbelgiji Émile Storms alijenga boma pale kando ya Ziwa Tanganyika, na miaka miwili baadaye likakabidhiwa wamisionari Mapadri Weupe. Biashara ya watumwa ilikuwa bado inaitikisa nchi nzima, na boma hilo, likilindwa na Kapteni Léopold Joubert, likawa kimbilio la waliotoroka na waliokombolewa. Albertville, ndiyo Kalemie ya leo, ilianzishwa mwishoni mwa 1891, nayo ikiwa ngome ya vita dhidi ya biashara hiyo. Mpala ikaja kupata shule ya makatekista, kisha seminari. Humo vijana, Kaoze akiwa mmoja wao, walisoma Kiswahili kwa herufi za Kirumi, wakaongeza Kilatini na Kifaransa.

Makala ya Kaoze, La Psychologie des Bantu, ilifikishwa kwa wasomaji na Mjesuiti Arthur Vermeersch, pamoja na barua kadhaa za kijana huyo. Wazungu wengi wa wakati ule waliandika kwamba Mwafrika hawezi kufikiri mambo ya mbali. Kaoze hakuanza kubishana nao. Aliwachukua watu aliowajua tangu utotoni, Beni-Marungu, akaeleza jinsi wanavyofikiri na kuamua, akitumia mantiki aliyofundishwa na Wazungu haohao. Ni kweli, seminari inasikika katika kila ukurasa, na mila anazipima kwa kipimo cha katekisimu. Hata hivyo, kwa mara ya kwanza, msomaji wa Brussels alielezwa akili ya Wakongo na Mkongo mwenyewe, kwa Kifaransa.

Alitangulia sana. Kitabu cha Padri Placide Tempels kuhusu falsafa ya Wabantu kilitoka mwaka 1945. Ngando, hadithi ya Paul Lomami Tshibamba ambayo wengi huanzia hapo wanapotaja fasihi ya Kongo, ilitoka mwaka 1948.

Tarehe 21 Julai 1917, huko Baudouinville, katika Moba ya leo, Askofu Victor Roelens alimpa Kaoze upadri, naye akawa Mkongo wa kwanza kuupata katika enzi za ukoloni. Kazi za misheni hazikumnyang'anya kalamu: aliandika pia historia ya Bena Kilunga, ukoo wa Watabwa. Alifariki Albertville mwaka 1951.

Wanafunzi wa Kalemie hufundishwa majina ya waandishi wa Paris na Kinshasa. Somo hilo lingeweza kuanzia Mpala, kwa kijana aliyeanza kuandika akiwa na umri usiopita wao kwa mbali.