Kutu kwenye nyaya za mlingoti: Ni doa tu, au mlingoti unakaribia kuanguka?

Ulipofunga nyaya mpya za stenlesi kwenye boti yako ya matanga, uliambiwa hazishiki kutu. Miezi michache baadaye unaona michirizi ya kahawia inashuka kuelekea sitaha. Umeuziwa feki?

Huenda hapana. Ila kabla hujachukua kitambaa ukaanza kusugua, soma hapa kwanza, maana doa hilo linaweza kuwa dalili pekee utakayoipata kabla waya haujakatika.

Kwa ufupi

- Doa la juujuu linasafishika na halipunguzi nguvu ya waya.
- Kutu inayotoka ndani ya kiungo, ufa, au uzi mmoja uliokatika: waya huo haufai tena.
- Piga picha kabla ya kusafisha, kisha angalia doa linarudi wapi.

Kwa nini stenlesi inashika kutu?

Stenlesi ni chuma kilichochanganywa na kromiamu, angalau asilimia 10.5. Kromiamu hiyo ikikutana na hewa hutengeneza utando mwembamba sana, usioonekana kwa macho, unaokinga chuma. Ukikwaruzwa, utando hujitengeneza upya wenyewe, mradi tu kuna oksijeni.

Adui wake ni chumvi. Ikikaa juu ya waya kwa muda mrefu, hasa kwenye joto na unyevu kama wa pwani yetu, inatoboa utando huo kidogo kidogo. Hapo ndipo madoa ya kahawia yanapoanza.

Aina ya stenlesi nayo ina maana. Inayotumika sana mjini kwenye mageti na vyombo vya jikoni ni namba 304. Ya baharini ni 316, ambayo imeongezwa molibdenamu asilimia 2 hadi 3 ili ihimili chumvi. Kwenye bolti, tafuta alama ya A4, ambayo ni daraja la 316. A2 ni daraja la 304.

Na ile mbinu ya kupima kwa sumaku? Usiitegemee. Kwa kawaida 304 na 316 zote hazivutwi na sumaku, na zote zinaweza kuvutwa kidogo kama zilikunjwa au kuvutwa kiwandani. Sumaku haiwezi kukuambia ipi ni ipi.

Hatari iko wapi hasa?

Kwenye jahazi, mlingoti hushikiliwa kwa kamba. Kwenye boti za kisasa unazoziona zimetia nanga Msasani, Tanga, Mtwapa au Kilifi, kazi hiyo inafanywa na nyaya: mbele, nyuma na ubavuni. Aina inayotumika sana ina nyuzi 19 zilizosokotwa pamoja. Ukikatika waya mmoja tu upepo ukiwa mkali, mlingoti mzima unaweza kuja chini, na watu wamekaa chini yake.

Sehemu ya katikati ya waya, inayopigwa na hewa na mvua, mara nyingi ndiyo salama zaidi. Tatizo huanza pale ambapo maji yanaingia lakini hewa haifiki, kwa sababu bila oksijeni ule utando haujitengenezi tena. Kuna sehemu tatu za kuangalia:

1. Ncha za waya. Ncha hubanwa kwa mashine ndani ya kijibomba cha chuma. Anza na zile za chini, maana maji ya chumvi hushuka na waya na kutuama humo.

2. Skrubu za kukazia na pini zake. Angalia kwenye meno ya skrubu na chini ya vichwa vya pini.

3. Mabamba yanayofunga waya kwenye mwili wa boti. Pale yanapopenya sitaha hujificha chini ya gundi. Ukiona michirizi ya kahawia ndani ya kabati la boti, maji yanapita, na bamba linaweza kuwa linaliwa sehemu usiyoiona.

Ndiyo maana plastiki na tepu zinazozungushiwa ncha za waya "kuzilinda" mara nyingi huleta hasara. Zinashika maji na kuzuia hewa. Zitoe uone kilichojificha.

Jinsi ya kukagua kwa simu yako

Huhitaji mashine ya bei. Fanya hivi:

- Piga picha za karibu za kila ncha kabla ya kusafisha. Hifadhi pamoja na tarehe.
- Vuta picha kwa vidole uikuze. Tafuta mistari myembamba kama nywele kwenye kijibomba, uvimbe, au kutu inayochuruzika kutoka pale nyuzi zinapoingia.
- Vaa glavu, pitisha kipande cha pamba kwenye waya taratibu. Kikinasa, kuna uzi umekatika. Usitumie mkono mtupu, uzi uliokatika unachoma kama ndoana.
- Angalia kama waya umenyooka kutoka kwenye ncha. Uliopinda kidogo hapo unachoka haraka.

Kama una wasiwasi na ufa, fundi anaweza kutumia rangi nyekundu maalumu ya kupima chuma. Inapakwa, inafutwa, kisha unapuliziwa unga mweupe. Palipo na ufa, wekundu unajichora.

Ncha za juu nazo zinahitaji macho. Ukipanda mlingoti, tumia kiti cha kupandia na kamba mbili: moja ya kukuvuta, nyingine ya usalama. Usipande peke yako. Na kama tayari umeona uzi umekatika chini, usipande kabisa. Afadhali mlingoti ulazwe.

Kusafisha bila kuharibu

Kama umekagua na umeridhika kwamba ni doa la juujuu, kazi ni rahisi:

1. Osha chumvi kwa maji baridi ya bomba na sabuni kidogo.
2. Changanya gramu 100 za unga wa asidi ya sitriki (ule unaotumika kwenye vyakula) na lita moja ya maji.
3. Vaa glavu na miwani. Jaribu kwanza sehemu ndogo, kisha paka kwa kitambaa na uache dakika 15 hadi 30 bila kukauka.
4. Sugua kwa brashi laini ya plastiki.
5. Suuza kwa maji mengi, hasa kwenye ncha, asidi isibaki ndani.

Ndimu na siki zinasaidia kwa madoa madogo, ila nazo lazima zisuuzwe.

Vitu vya kuepuka kabisa:

- Waya wa kusugulia masufuria au brashi ya chuma cha kawaida. Inaacha chembe za chuma ambazo zitashika kutu zenyewe, na wiki ijayo utakuwa na madoa mengi kuliko mwanzo.
- Dawa ya kung'arisha nguo nyeupe yenye klorini. Klorini inafanya kazi ileile ya chumvi, tena kwa kasi.
- Asidi kali ya kusafishia vigae na vyoo. Inatoboa stenlesi.

Ukimaliza, piga picha nyingine na subiri wiki chache. Doa likirudi kwa kutawanyika juu ya waya, ni chumvi tu. Likirudi palepale, kwenye mdomo wa kijibomba, kuna kitu kinaoza ndani. Hapo usisugue tena, badilisha.

Kinga: ndoo na kitambaa vinatosha

Mvua za masika zinakusaidia kuosha. Kipindi kigumu ni kaskazi, hasa Januari na Februari, mvua zinapopungua na chumvi kuganda. Kama maji ni ya kununua, usijali. Kitambaa kilicholowa maji baridi, ukipitishe kwenye nyaya na ncha za chini kila baada ya safari, kinafanya kazi kubwa. Fanya ukaguzi kamili kabla kusi halijaanza kuvuma kwa nguvu.

Zibadilishwe lini?

Mafundi wengi hushauri nyaya zibadilishwe kati ya miaka 10 na 15 hata kama zinang'aa. Kwenye joto na chumvi ya ukanda wetu, au kwa boti inayobeba watalii kila siku, usisubiri hadi mwisho wa muda huo. Ukinunua boti ya mtumba na muuzaji hajui umri wa nyaya, zihesabu kama zimezeeka na ziingize kwenye bei.

Waya ukikatika baharini

Geuza boti haraka ili mzigo uhamie upande mwingine:

- Waya wa mbele ukikatika, geuka upepo utoke nyuma.
- Wa nyuma ukikatika, elekeza omo kwenye upepo.
- Wa ubavuni ukikatika, geuza boti upepo upige ubavu wa pili.

Watu wote watoke chini ya mlingoti. Kisha tumia kamba imara ya kupandishia tanga kama waya wa muda: ifunge mahali imara na uikaze kwa winchi. Shusha matanga, rudi kwa injini polepole.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenye stenlesi, ufa hauzibwi. Ukiuona, waya huo usitoke nao tena baharini.