Sura ya Sultani, Muhuri wa Jamhuri: Stempu za Zanzibar, 1868–1967

Zanzibar ilipata posta miaka 27 kabla ya kupata stempu yenye jina lake. Ofisi ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1868, nayo ilikuwa tawi la posta ya India, chini ya uwakala wa Waingereza uliowajibika wakati huo kwa serikali ya Bombay. Mpangilio huo ulifuata njia ya fedha. Wafanyabiashara wa Kihindi, wengi wao kutoka Kutch na Gujarati, ndio waliokuwa wakikopesha mitaji, kukodi forodha na kusafirisha sehemu kubwa ya pembe na karafuu, na barua zao zilielekea Bombay. Ofisi hiyo haikudumu. Ilifungwa mwaka 1869, ikafunguliwa tena mwaka 1875, wakati meli za kampuni ya British India zilikuwa zimekwisha kuanza safari za mpango baina ya Aden na Unguja.

Kwa miaka hiyo yote, aliyetuma barua kutoka Unguja alibandika stempu ya India yenye kichwa cha Malkia Victoria. Kilichoonyesha barua imetoka wapi ni muhuri wa posta tu. Seyyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alijenga majumba, akaleta maji ya bomba mjini na kutoa sarafu zenye maandishi ya Kiarabu na alama ya mizani, lakini stempu hakuwa nayo. Hilo linaeleza jambo kuhusu enzi yake. Sarafu ilihitaji soko lake mwenyewe. Stempu ilihitaji ikubaliwe na posta za nchi nyingine, na mlango wa kutokea nje ulikuwa mikononi mwa watu wengine.

Mlango huo uligombewa. Wafaransa walifungua posta yao Unguja mwaka 1889, na Wajerumani wakafungua ya kwao Agosti 1890, mwezi mmoja na zaidi baada ya mkataba ulioiweka Zanzibar chini ya himaya ya Uingereza. Ofisi ya Wajerumani ilifungwa Julai 1891. Ya Wafaransa iliendelea hadi 1904, na ndiyo iliyowaachia wakusanyaji mambo ya kupendeza. Stempu za Ufaransa zilitoka kwao zikiwa na bei ya sentimu, hazikulingana na ana na rupia zilizotumika Unguja, hivyo zikapigwa chapa ya bei mpya juu yake. Mwaka 1897 upungufu ulizidi hadi zikachapwa stempu za muda kwenye pambizo tupu za laha za stempu za kawaida, yaani ile karatasi ambayo kwa desturi huchanwa na kutupwa.

Kuchapa maneno au bei mpya juu ya stempu iliyokwisha kuchapwa ni kazi inayoonekana ndogo, na katalogi za stempu huipa mistari michache yenye herufi ndogo. Katika historia ya Zanzibar ndiyo yenye uzito kuliko picha zote. Stempu rasmi yenye picha iliagizwa Uingereza. Mchoro ulisafiri, bamba likachongwa, laha zikarudi kwa meli, na miezi ikapita. Siasa za Unguja hazikuwa na subira hiyo. Kila mara mambo yalipogeuka ghafla, jambo la kwanza lililofanyika posta lilikuwa kuchukua stempu iliyopo na kuipiga jina jipya.

Hivyo ndivyo zilivyoanza stempu za Zanzibar zenyewe. Novemba 1895 posta ilitolewa mikononi mwa India na kuingizwa katika utawala wa himaya, na kwa kuwa stempu mpya hazikuwa tayari, shehena ya stempu za India ilipelekwa kwenye mtambo wa gazeti la serikali, Zanzibar Gazette, ikapigwa neno moja: Zanzibar. Wapanga herufi walifanya kazi kwa risasi za mkono, herufi moja moja, na makosa yakapenya. Katika laha hizo kuna stempu zilizoandikwa Zanzidar, nyingine Zanibar, nyingine Zapzibar. Kosa ambalo karani wa siku hiyo huenda hakuliona leo hununuliwa kwa fedha nyingi kuliko stempu sahihi iliyokuwa kando yake, na kwa sababu hiyo limeghushiwa sana. Mwaka 1896 stempu za Afrika Mashariki ya Kiingereza nazo zilipigwa jina la Zanzibar. Tatizo jingine lilikuwa bei ya ana mbili na nusu, ambayo ndiyo iliyokuwa gharama ya barua ya kawaida kwenda nchi za nje. Stempu za thamani hiyo ziliisha upesi, na mtambo ukarudi tena na tena kuzipa stempu nyingine tarakimu 2½. Ukitazama aina zote za herufi zilizotumika, unapata karibu orodha kamili ya risasi zilizokuwamo katika kabati la kiwanda hicho.

Stempu zilizoagizwa hatimaye zilitoka mwaka 1896. Zilichapwa na De La Rue wa London, zikiwa na sura ya Seyyid Hamed bin Thuwaini, na bendera nyekundu katika kila thamani. Ni kazi nzuri ya kuchonga. Lakini Hamed alifariki tarehe 25 Agosti mwaka huohuo. Khalid bin Barghash akaingia jumba la kifalme bila ridhaa ya Waingereza, na tarehe 27 Agosti manowari zilizokuwa bandarini zikalipiga mabomu kwa muda usiozidi saa moja. Aliyekalishwa kwenye kiti ni Hamoud bin Mohammed. Barua za Unguja, hata hivyo, ziliendelea kubeba sura ya Hamed. Ilichukua hadi 1899 ndipo Hamoud alipopata stempu zake. Kwa miaka kama mitatu nchi ilikuwa na sultani mmoja barazani na mwingine kwenye bahasha.

Ali bin Hamoud alirithi kiti mwaka 1902 akiwa kijana aliyekuwa akisoma Uingereza, na mambo ya nchi yakashikwa na mlezi hadi 1905. Stempu za 1904 hazikuwa na uso wake. Mahali pa picha palikuwa na jina lake kwa khati, herufi zikifumwa ndani ya nyingine. Kwa macho ya leo hilo ndilo toleo lenye heshima zaidi kuliko yote ya kipindi cha masultani, kwa kuwa lilirudi kwenye desturi ya sarafu za Barghash, ambamo mtawala alijulishwa kwa maandishi. Halikukaa. Mwaka 1908, rupia ilipoanza kugawanywa kwa senti mia badala ya ana, picha ya sultani ilirudi kwenye thamani ndogo, na thamani kubwa zikapewa mandhari ya bandari. Baadhi ya stempu hizo zilikuwa na thamani ya ajabu, hadi rupia 200. Hakuna barua iliyogharimu hivyo. Stempu za namna hiyo zilifaa hati za ushuru na mikataba.

Ali alijiuzulu mwaka 1911, akafuatiwa na Khalifa bin Harub, ambaye alitawala karibu miaka 49. Stempu zake za kwanza, za 1913, ziliweka mpango uliodumu muda mrefu: kichwa cha sultani kwenye senti, chombo cha matanga kwenye rupia. Chombo kidogo kiliwekwa kwenye rupia za chini na jahazi kubwa kwenye za juu. Kuanzia hapo jahazi halikutoka tena hadi usultani ulipoanguka. Mwaka 1936 lilirudi katika stempu za miaka 25 ya enzi ya Khalifa, safari hii likiwa na jina lake: Sham Alam, jahazi la sultani mwenyewe. Mwaka huo ndio pia rupia ilipoondolewa na shilingi ya Afrika Mashariki ikachukua nafasi yake, na stempu za kawaida zikalazimika kubadilishwa bei. Muongo mmoja nyuma yake, kiwanda cha serikali kilikuwa kimetoa stempu za kudai malipo kwa barua zilizolipiwa pungufu. Zilipangwa kwa herufi tupu, bila mchoro wowote, na zinafanana zaidi na stakabadhi ya bohari kuliko stempu.

Toleo la 20 Novemba 1944 linastahili kutazamwa pamoja na la pili lililotoka siku ileile mbali na Unguja. Ulikuwa mwaka wa 200 tangu nasaba ya Al Busaid ishike utawala Oman, nasaba ambayo tawi lake moja lilibaki Muscat na jingine likatawala Zanzibar baada ya watoto wa Seyyid Said kugawana milki katikati ya karne ya 19. Zanzibar ilitoa stempu zake mwenyewe, zenye jahazi na ramani inayoonyesha visiwa na Muscat, bahari katikati. Muscat, ambayo posta yake ilikuwa bado tawi la India, ilitumia stempu za India zilizopigwa chapa ya Kiarabu yenye jina la Al Busaid na mwaka 1363 wa Hijria. Katika sherehe moja ya ukoo mmoja, upande wa Afrika ulikuwa na stempu yake na upande wa Arabuni ulikuwa pale Zanzibar ilipokuwa mwaka 1895.

Baada ya vita stempu ziliongezeka, na nyingi hazina la kusema: ushindi wa 1946, kwa maneno ya Kiingereza yaliyopigwa juu ya stempu ya kawaida ya sultani, harusi ya fedha ya mfalme wa Uingereza, miaka 75 ya umoja wa posta duniani. Yaliyotoka nyumbani ni ya Skuli za Seyyid Khalifa huko Beit el Ras mwaka 1952, na siku ya kuzaliwa ya sultani alipofikisha miaka 75 mwaka 1954. Seti ya 1957 ndiyo iliyoitembeza nchi machoni pa msomaji wa barua. Ndani yake kuna karafuu, jahazi liitwalo Ummoja Wema, mashua ya sultani, ramani ya pwani ya Afrika Mashariki, mnara wa msikiti, jumba la Kibweni, na msikiti wa Dimbani kule Kizimkazi, ambao maandishi yake ya kufi yana mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107. Msikiti huo ulikuwa umesimama karne nyingi kabla ya Al Busaid kufika, na kuuweka kwenye stempu kulikuwa kukiri kwamba historia ya visiwa haikuanza na ukoo wa kifalme. Khalifa alipofariki Oktoba 1960, michoro hiyohiyo ilibakizwa na kichwa cha mwanawe, Abdulla, kikaingizwa mwaka 1961.

Abdulla naye alifariki Julai 1963, na Jamshid akashika kiti. Uhuru ulifika tarehe 10 Desemba 1963 na stempu nne zenye maneno Uhuru 1963: karafuu, mlango wa Kizanzibari kama alama ya ustawi, majengo ya ibada kama alama ya kuvumiliana kwa dini, na pango la Mangapwani likitazamwa kutoka gizani kuelekea mwangani. Uchaguzi wa Mangapwani ulikuwa wa ujasiri, kwa kuwa eneo hilo hukumbukwa kwa maficho ya watumwa. Stempu za kawaida zilibaki zile za Abdulla.

Mwezi mmoja baadaye, 12 Januari 1964, mapinduzi yaliuangusha usultani. Kuanzia 17 Januari posta iliuza stempu za Abdulla na za Uhuru zikiwa zimegongwa muhuri wa mkono: Jamhuri 1964. Kazi ya mkono haina unyoofu. Kwenye stempu moja maneno yamepinda, kwenye nyingine yamepinduka juu chini, nyingine zimegongwa mara mbili. Ndiyo maana toleo hilo ni hati bora ya wiki zile kuliko picha yoyote ya ushindi iliyochorwa baadaye: serikali mpya haikuwa na wakati wa kungoja London, na sura ya sultani haikuweza kuachwa isemee nchi hata kwa mwezi mmoja. Mwishoni mwa Februari ndipo zilipotoka stempu zilizochapwa maneno hayohayo kwa mtambo, zikiwa zimenyooka.

Stempu za jamhuri zenye michoro yake zilitolewa 21 Juni 1964. Hazikuchapwa London. Zanzibar ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kabisa nje ya kambi ya kisoshalisti kuitambua Ujerumani Mashariki, na stempu hizo zilichapwa Leipzig. Karafuu na majahazi vilitoweka. Badala yake kulikuwa na shoka, mkuki na jambia. Mwanamume mwenye bunduki. Upinde na mshale unaokata minyororo. Kwa ustadi wa kuchonga haziufikii ule wa De La Rue, rangi zake ni bapa na mistari yake mizito, lakini ndizo za kwanza kuweka watu wa kawaida mahali palipokuwa pa mtawala. Nazo zilichelewa. Tarehe 26 Aprili Zanzibar ilikuwa imekwisha kuungana na Tanganyika, na kufikia 7 Julai zilitolewa stempu za Jamhuri ya Muungano zenye ramani ya nchi mpya.

Muungano haukuunganisha posta mara moja. Visiwa viliendelea kutoa stempu zake, sasa zikiwa na majina mawili, Zanzibar na Tanzania, wakati bara ilitumia za shirika la posta lililohudumia Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja. Hali hiyo ilidumu hadi mwisho wa 1967. Kuanzia 1 Januari 1968 stempu za Zanzibar ziliondolewa, na za Tanzania zikaanza kutumika Unguja na Pemba. Za kawaida wakati huo zilikuwa seti ya samaki iliyochorwa na Rena Fennessy na kutolewa 9 Desemba 1967.