AFYA: Maana Yake na Vipimo Vyake

Afya ni hali ya mwanadamu ambaye mwili wake, akili yake na maisha yake kati ya wenziwe vinamwezesha kutimiza haja na wajibu wake pasipo kuzuiwa na maradhi, udhaifu au dhiki. Na ingawa kila mtu huitambua mara anapoikosa, wanavyuoni wa karne nyingi wametaabika kuieleza kwa maneno yasiyopungua wala kuzidi. Tabibu Ibn Sina, ambaye kitabu chake cha Al-Qanun fi al-Tibb kilikamilika yapata mwaka 1025, aliigawa kazi ya tiba katika mambo mawili, kuihifadhi siha ilipo na kuirudisha ilipopotea, na msingi wa siha akauweka katika mizani ya joto na baridi, ukavu na unyevu. Mizani hiyo waganga wa pwani ya Afrika Mashariki waliipokea pamoja na elimu nyingine za Waislamu, na hata leo athari yake ingali ikisikika Lamu au Unguja, pale mwenye kikohozi anapokatazwa vyakula vinavyohesabiwa kuwa vya baridi.

Fasili inayotajwa zaidi katika zama zetu ni ile ya Katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyotiwa saini mjini New York tarehe 22 Julai 1946 na wajumbe wa mataifa 61, ikaanza kutumika tarehe 7 Aprili 1948. Katiba hiyo haikuridhika kuiona afya kuwa ni kukosekana kwa ugonjwa tu, bali ilidai ukamilifu wa hali njema ya mwili, ya akili na ya maisha ya jamii. Maneno hayo yaliandikwa na watu waliotoka katika vita vilivyoangamiza mamilioni, na ukubwa wa tamaa yao unastahili heshima. Hata hivyo neno la ukamilifu limeleta mashaka, maana kwa kipimo hicho bibi wa miaka sabini mwenye shinikizo la damu, anayemeza vidonge vyake kila asubuhi, akalima bustani yake, akalea wajukuu na kuhudhuria arusi na matanga ya jirani zake, hana budi kuhesabiwa mgonjwa mpaka siku ya kufa kwake. Kwa sababu hiyo mwaka 2011 Machteld Huber wa Uholanzi na wenzake, wakiandika katika jarida la matabibu la Uingereza, walipendekeza kwamba afya itazamwe kuwa ni uwezo wa mtu kujirekebisha na kujiongoza mbele ya matatizo ya mwili, ya moyo na ya jamii. Kwa mtu mmoja mmoja fasili hii ya pili ni ya haki zaidi, kwa kuwa inamtambua yule bibi. Lakini kwa serikali ile ya kwanza ingali bora, kwa kuwa serikali ikishaambiwa kuwa afya ni uwezo wa raia kustahimili, ni rahisi mno iwaachie raia hao wastahimili hata lile ambalo lingeweza kuondolewa kwa maji safi na chanjo.

Kupima ni jambo jingine, na ni gumu zaidi, kwa sababu afya yenyewe haina uzito wala urefu, na kila kipimo hushika alama yake moja tu. Joto la mwili lilipewa wastani wake wa nyuzi 37 na Carl Wunderlich wa Leipzig, katika kitabu cha mwaka 1868 kilichotokana na vipimo vya wagonjwa wapatao 25,000. Mkanda wa kupimia shinikizo la damu, unaofungwa mkononi na kujazwa hewa, ulibuniwa na Scipione Riva-Rocci wa Italia mwaka 1896, na mwaka 1905 Nikolai Korotkov wa Urusi akaonyesha namna ya kusikiliza sauti za mshipa chini ya mkanda huo. Vyombo hivi hutoa tarakimu, lakini mpaka kati ya mzima na mgonjwa huwekwa na wanadamu: mwezi wa Novemba 2017 vyama vya matabibu wa moyo wa Marekani viliuteremsha mpaka wa shinikizo la damu kutoka 140 kwa 90 hadi 130 kwa 80, na watu wazima wa nchi hiyo waliohesabiwa kuwa na maradhi hayo wakapanda kutoka kiasi cha 32 kwa 100 hadi 46 kwa 100, ilhali damu ya mtu yeyote kati yao haikubadilika.

Katika vipimo vyote vya mwili, kilicho rahisi kuliko vyote na chenye faida kubwa kwa watoto wa Afrika ni utepe wa kupimia mzingo wa mkono. Derrick Jelliffe, aliyekuwa profesa wa maradhi ya watoto katika Makerere, aliueneza upimaji huo katika kitabu chake cha mwaka 1966 kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani. Mtoto wa miezi 6 mpaka chini ya miaka mitano hupakatwa na mamaye. Mkono wake wa kushoto hukunjwa, katikati ya ncha ya bega na ncha ya kiwiko hutiwa alama, kisha mkono huachwa uning'inie, na utepe huzungushwa palipo na alama bila ya kukazwa hata nyama ikabonyea wala kulegezwa hata mwanga ukapita. Utepe ukisoma chini ya milimita 115 mtoto yumo katika rangi nyekundu, naye ana utapiamlo mkali wa kuhatarisha maisha. Toka 115 hata kukaribia 125 ni manjano, na kuanzia 125 ni kijani. Maana ya rangi hizo ni kwamba mpimaji si lazima ajue kusoma, na katika nchi ya Niger akina mama wamefundishwa kuwapima watoto wao wenyewe nyumbani, jambo ambalo hufanya maradhi yatambulikane kabla mtoto hajawa wa kukimbizwa hospitali.

Afya ya jamii nzima, kinyume cha matarajio ya wengi, hupimwa zaidi kwa vifo, kwa kuwa kifo hakina utata na hutokea mara moja. Mwanzo wa elimu hiyo ni London mwaka 1662, ambapo John Graunt, mfanyabiashara wa vitambaa, alizikusanya orodha za mazishi za parokia za mji na kutoa humo kanuni zilizokuwa hazijaonwa na mtu, mathalani kwamba katika watoto 100 waliozaliwa, 36 walikufa kabla ya kutimiza miaka sita. Ni vema kukumbuka orodha hizo zilitoka wapi: wanawake wazee waliapishwa na parokia waende nyumba ya msiba, wamtazame maiti, waulize habari zake na kutaja alichokufa nacho. Elimu yote ya takwimu za afya imejengwa juu ya maswali ya wazee hao.

Kutokana na hesabu za vifo hupatikana umri wa kuishi unaotarajiwa, kipimo kinachonukuliwa sana na kufahamika kidogo. Tuchukue mji wa mfano wenye watoto 100, ambao 25 kati yao hufa wakiwa na umri wa mwaka mmoja, na 75 waliobaki wakafika miaka 65; wastani wa maisha yao ni miaka 49, wala hakuna hata mmoja aliyekufa akiwa na miaka 49. Basi anayesema kwamba katika nchi yenye wastani huo watu huzeeka wakiwa na miaka arobaini hukosea kabisa, maana kinachoushusha wastani ni makaburi ya watoto. Vifo vya uzazi navyo huhesabiwa kwa kila vizazi hai 100,000. Uchunguzi wa taifa wa Tanzania wa mwaka 2015 hadi 2016 ulikadiria vifo 556, na ule wa mwaka 2022 ukakadiria 104. Nafuu hiyo ni ya kushukuriwa, lakini msomaji ajue kuwa katika uchunguzi wa namna hiyo wanawake huulizwa habari za dada zao waliofariki, na kwa kuwa tukio lenyewe ni la nadra katika idadi ya kaya zinazotembelewa, kima cha chini na kima cha juu cha makadirio huachana mbali.

Kuhesabu vifo peke yake kunamsahau aliye hai katika taabu, naye ni kipofu, mwenye kifafa au aliyevunjika mgongo. Ili kuliziba pengo hilo, Christopher Murray na Alan Lopez waliunda kipimo kilichotangazwa katika ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 1993, kinachojumlisha miaka iliyopotea kwa kufa mapema na miaka ambayo watu huishi katika ulemavu, kila ulemavu ukipewa uzito wake. Hapo mwanzo hata umri ulipewa uzito, mwaka wa kijana ukathaminiwa kuliko wa mtoto mchanga au mzee, na utaratibu huo baadaye ukaachwa. Kuachwa kwake kulikuwa haki.

Faida ya hesabu hizo ilionekana wazi katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini, ambako katika miaka ya 1990 Wizara ya Afya ya Tanzania, ikishirikiana na kituo cha utafiti wa maendeleo cha Kanada, ilitaka kujua kama fedha zilikwenda yaliko maradhi. Tatizo lilikuwa kwamba wengi hufia nyumbani, na daftari la hospitali haliwezi kuwataja waliokosa kufika. Kwa hiyo wahojiaji walikwenda vitongojini, wakaketi na wafiwa baada ya siku za matanga na kuuliza kwa taratibu: homa ilianza lini, alipumua vipi, alitapika, alikakamaa? Ufundi wa kazi hii umo katika swali. Utafiti uliofanywa Bagamoyo ulikuwa umeonyesha kwamba degedege la mtoto wazazi wengi hawakulihusisha na malaria, wakalipeleka kwa mganga wa jadi. Anayeuliza habari za malaria tu huambiwa kwamba haikuwapo, na anayeuliza habari za degedege huupata ukweli. Ilidhihirika kwamba malaria ilichukua kiasi cha 30 kwa 100 ya miaka ya uhai iliyopotea, ilhali bajeti ya 1996 iliitengea 5 kwa 100. Mpango ukageuzwa, vyandarua vikaenezwa, watumishi wa zahanati wakafundishwa kumtibu mtoto kwa maradhi yake yote pamoja, na kwa nyongeza isiyozidi dola moja kwa kila mkazi kwa mwaka. Katika miaka iliyofuata vifo vya watoto wa wilaya hizo vilipungua kwa zaidi ya 40 kwa 100.

Lipo pia swali moja jepesi ambalo wengi hulidharau, nalo ni kumuuliza mtu mwenyewe aionaje afya yake. Mwaka 1982 Jana Mossey na Evelyn Shapiro walichapisha matokeo ya wazee wa jimbo la Manitoba, Kanada: waliosema kwamba afya yao ni mbaya walikufa kwa wingi zaidi kuliko waliosema ni nzuri sana, hata baada ya kulinganishwa kwa maradhi yaliyoandikwa katika mafaili yao. Mwili humjulisha mwenyewe mambo ambayo chombo hakijayafikia.

Kwa maradhi ya akili kuulizwa ndiyo njia kuu, na hapo lugha ya mgonjwa ina uzito kuliko mahali pengine popote. Nchini Zimbabwe Vikram Patel na wenzake walitunga mwaka 1997 dodoso la maswali 14 ya kujibiwa ndiyo au la, kutokana na maneno ya wagonjwa wa Harare wenyewe, la kwanza likihusu kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, hali ambayo Mswahili husema kwamba mtu ana mawazo. Dodoso hilo lilichukuliwa na daktari Dixon Chibanda, ambaye tangu 2006 amewafundisha akina bibi wa mjini humo kuketi na wagonjwa katika mabenchi ya uwanja wa zahanati na kuwasaidia kutatua shida zao moja moja. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2016, lililohusisha watu 573 katika zahanati 24, waliingizwa wale waliojibu ndiyo kwa maswali 9 au zaidi. Baada ya miezi sita, waliohudumiwa na akina bibi walibaki na wastani wa majibu ya ndiyo 3.81, na waliopata huduma ya kawaida wakabaki na 8.90.