Pwani Iliyonunuliwa kwa Fedha Zake Yenyewe

Mwaka 1895 kampuni ya Kiingereza iliyodai kutawala kutoka Mombasa hadi Uganda iliishiwa fedha na kukabidhi nchi kwa serikali ya London. Ikalipwa pauni 250,000 ili ijiondoe. Pauni 50,000 zilitoka katika hazina ya Uingereza. Pauni 200,000 zilizobaki zilikuwa mali ya Sultani wa Zanzibar, nazo ni zilezile alizolipwa na Wajerumani miaka michache kabla ili aachie pwani ya kusini, kutoka mto Umba hadi Ruvuma. Bei ya pwani moja ikatumika kumlipa mpangaji wa pwani nyingine.

Shuleni tulifundishwa sababu za ubeberu: malighafi, masoko, mahali pa kuwekeza mitaji. Ni sababu za kweli. Lakini aliyezikariri tu bado hajajua ubeberu ulivyofanya kazi: nani alitangulia, nani alilipa, na kwa nini nchi ilipita mikononi mwa wafanyabiashara kabla ya kumfikia gavana. Mambo hayo yanaonekana wazi katika historia ya pwani yetu.

Kwa muda mrefu Uingereza haikuona haja ya kupandisha bendera Zanzibar. Ilikuwa na balozi wake, John Kirk, na ilikuwa na manowari. Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa na kukataza wasisafirishwe baharini, baada ya kutishiwa kwamba kisiwa chake kitazingirwa. Biashara ile ilistahili kukomeshwa, tena ilikuwa imechelewa sana. Hata hivyo, tuangalie jinsi amri ilivyopita: Sultani alibaki kwenye kiti chake, na neno la mwisho likawa la balozi. Huo nao ulikuwa ubeberu, na gharama yake ilikuwa ndogo. Miaka michache baadaye Barghash alijadiliana na William Mackinnon, Mskoti ambaye meli zake za moshi zilileta barua kutoka Aden tangu 1872, ili amkodishe bara. London haikuunga mkono na mpango ukafa. Biashara ilikuwa ikiwajia bila wao kubeba mzigo wa kutawala, basi waubebe kwa nini?

Miaka kumi tu ilitosha kubadili hesabu hiyo. Mfereji wa Suez ulikuwa umefunguliwa tangu 1869, na mwaka 1879 simu ya waya ikafika Zanzibar, hivyo waziri aliyeko Ulaya aliweza kutoa amri na kupata jibu kwa haraka ambayo baba yake hakuwahi kuiota. Kwinini iliwawezesha Wazungu kuishi katika nchi za malaria. Mwaka 1884 Hiram Maxim alitengeneza bunduki iliyojipakia risasi yenyewe, ambayo askari wa huku waliiita bombom. Hivyo vyote ni vyombo tu. Msukumo ulitoka viwandani. Tangu msukosuko wa uchumi wa 1873 bei zilikuwa zikishuka, Ujerumani na Marekani zikaanza kuifikia Uingereza kwa chuma na nguo, na mwaka 1879 Ujerumani ikapandisha ushuru kuwalinda wazalishaji wake. Kila taifa likaogopa kwamba jirani yake atafunga milango ya masoko kabla yake. Kwa maoni yangu hofu hiyo ilisukuma mambo kuliko faida yoyote iliyoonekana, maana katika Afrika Mashariki faida yenyewe ilikuwa haijaonekana.

Bismarck, Chansela wa Ujerumani, hakutaka makoloni yanayokula fedha za serikali. Juni 1884 aliliambia bunge la Berlin kwamba wafanyabiashara watangulie na kutawala, serikali iwape ulinzi. Waingereza nao walikuwa na mazoea yao ya muda mrefu ya kuzipa kampuni hati ya kifalme. Ndiyo maana dola mbili zilizogawana nchi yetu zilituletea kwanza wenye hisa.

Carl Peters alikuwa na umri wa miaka 28 alipofika Zanzibar Novemba 1884 na wenzake wachache. Katika wiki chache alizunguka Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami akikusanya alama za machifu kwenye karatasi zilizoandikwa Kijerumani. Mangungo wa Msovero aliwekewa karatasi yake tarehe 29 Novemba. Karatasi hizo zilidai kwamba machifu wametoa ardhi na mamlaka yao milele, jambo ambalo hakuna chifu wa sehemu zile aliyekuwa na uwezo wa kulifanya hata angetaka, kwa kuwa ardhi haikuwa mali yake ya kuuza. Mkutano wa Berlin ulikwisha tarehe 26 Februari 1885. Kesho yake Kaiser Wilhelm wa Kwanza akatoa hati ya ulinzi kwa kampuni ya Peters. Barghash alipopinga, Agosti mwaka huohuo manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya jumba lake, naye akasalimu amri. Mwaka uliofuata Wajerumani na Waingereza wakagawana bara kwa mstari uliotoka mdomo wa Umba hadi ziwa Victoria, wakamwachia Sultani ukanda wa maili kumi kando ya bahari.

Kampuni ilikuwa na karatasi nyingi na fedha kidogo. Wenye mitaji wa Ujerumani waliiogopa, hata ikabidi mwaka 1887 Kaiser mwenyewe anunue hisa za marki 500,000. Nani basi ataleta mapato? Kulikuwa na jibu moja tu, ushuru wa forodha wa bandari za Mrima, ambako misafara ya pembe za ndovu ilikuwa ikishuka kwa miaka mingi. Aprili 1888 kampuni ikakodi ukanda huo kutoka kwa Sultani Khalifa, mrithi wa Barghash, na Agosti watu wake wakaingia bandarini. Pangani alikwenda Emil von Zelewski, ambaye watu walimpa jina la Nyundo. Alipandisha bendera ya kampuni, akamdharau liwali, na askari wake wakaingia msikitini. Wenyeji wakaamriwa pia waandikishe ardhi yao. Haya hayakuwa makosa ya mtu mmoja mwenye kiburi. Kampuni iliyotaka mapato ya haraka ilikuwa lazima iwanyang'anye watu waliokuwa wakiishi kwa mapato hayo: majumbe, wenye mashamba, wenye misafara, wapagazi.

Pwani ikawaka. Abushiri bin Salim kule Pangani na Bwana Heri kule Saadani waliongoza mapigano, na kabla ya mwisho wa mwaka kampuni ilibaki na Bagamoyo na Dar es Salaam tu. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy aliyatungia utenzi matukio hayo, na natamani kila mwanafunzi wa sekondari ausome, maana ni historia ya vita hivyo iliyoandikwa na mtu wa upande wetu. Januari 1889 bunge la Berlin lilipitisha marki milioni 2, likaambiwa ni za kupambana na biashara ya watumwa. Hermann von Wissmann akaja na askari aliowaajiri Misri na Msumbiji. Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889.

Sasa zikaja hesabu. Mwaka 1890, baada ya Ujerumani kukubali Zanzibar iwe chini ya Uingereza na yenyewe kupewa kisiwa cha Heligoland, Sultani alilazimika kuiuza pwani yake kwa marki milioni 4, sawa na pauni 200,000. Kampuni ilikopa fedha hizo na nyingine zaidi, na serikali ya Ujerumani ikaahidi kuilipa marki 600,000 kila mwaka kutokana na ushuru wa forodha wa pwani ileile. Tarehe 1 Januari 1891 serikali ikaanza kutawala. Mfanyabiashara wa Bagamoyo aliyelipia pembe zake forodhani ndiye aliyekuwa akilipia ununuzi wa mji wake.

Upande wa kaskazini Mackinnon alikuwa amekodi ukanda wa Sultani mwaka 1887, na Septemba 1888 akapata hati ya Malkia Victoria. Kampuni yake, ileile tuliyoanza nayo, haikuwahi kuwalipa wenye hisa gawio lolote. Safari za Frederick Lugard, ofisa wa kampuni hiyo, kule Buganda, mkataba aliompa Kabaka Mwanga mwishoni mwa 1890, na vita vya Mengo vya Januari 1892 vilikomba mfuko wake. London ikatangaza ulinzi juu ya Uganda mwaka 1894, kisha 1895 ikachukua sehemu iliyobaki.

Fedha za Sultani zilitumikaje? Tangu 1891 Waingereza walikuwa wamechukua usimamizi wa hazina ya Zanzibar, na Lloyd Mathews, Mwingereza, akawekwa kuwa waziri wa kwanza. Kwa hiyo walioamua kwamba pauni 200,000 zitoke, walioamua ziende wapi, na waliopokea nchi iliyokombolewa, wote walikuwa upande mmoja wa meza. Sultani akaahidiwa pauni 17,000 kwa mwaka: 11,000 kama kodi ya ukanda wa pwani, na 6,000 kama riba ya fedha zake mwenyewe. Huko pwani Mbaruk bin Rashid wa Gazi alipigana na utawala mpya hadi 1896, alipovuka mpaka kuingia upande wa Wajerumani.

Serikali zilizorithi kampuni zilirithi pia swali lao: nani alipe? Reli iliyoanza Mombasa 1896 na kufika ziwani 1901 iligharimu zaidi ya pauni milioni 5, na ili iwe na mzigo wa kubeba, kamishna Charles Eliot aliwaita walowezi na kuwagawia ardhi ya bara. Upande wa Wajerumani kodi ya nyumba ilianza 1897, na viwanda vya nguo vya Ulaya, vilivyotegemea pamba ya Marekani, vikataka pamba ya huku. Maakida na majumbe wakalazimisha watu kufanya kazi katika mashamba ya pamoja. Julai 1905, katika vilima vya Matumbi, watu waling'oa miche ya pamba, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Wajerumani wenyewe walikadiria waliokufa kuwa 75,000. Makadirio ya wanahistoria yanafika 300,000, wengi wao kwa njaa iliyosababishwa makusudi kwa kuchomwa mazao.

Bado yapo madai kwamba makoloni yaliigharimu Ulaya kuliko yalivyoinufaisha. Huenda wenye hisa wa Mackinnon wana haki ya kulalamika. Lakini anayedai kwamba Ulaya ilitununua kwa fedha zake, na asome kwanza hesabu ya 1890 na ile ya 1895.