Hospitali ya Weston: milango imefungwa, vifaa vimebaki

Mpwa wangu huendesha lori Marekani. Majuzi alipita mji wa Weston, jimbo la West Virginia, akalipa kiingilio kuzuru hospitali kongwe ya wagonjwa wa akili. Akanitumia picha kwenye WhatsApp pamoja na ujumbe wa sauti: "Mjomba, tazama watu walivyokuwa wakifanywa." Nimezitazama picha zile, nikaisoma na historia yake.

Ujenzi ulianza 1858. Wagonjwa wa kwanza waliingia 1864, Wamarekani wakiwa bado wanapigana wao kwa wao, na jengo likakamilika 1881. Ni la mawe yaliyochongwa kwa mkono, na urefu wake unakaribia mita 400. Ramani ilifuata mawazo ya daktari Thomas Kirkbride, aliyeamini kuwa mgonjwa wa akili hutulia akipata mwanga, hewa safi na bustani. Kwa hivyo wodi zilipangwa kila moja ikijitokeza nyuma ya nyingine, zote zipate upepo na jua.

Nia ilikuwa njema, lakini hesabu ikaiharibu. Jengo lilikusudiwa watu 250. Kufikia 1880 walikuwa 717, na katika miaka ya 1950 walifika 2,400. Wenye kifafa na walevi pia walitiwa humo. Wauguzi hawakutosha, na pasipo mikono ya kutosha, vifaa ndivyo vilivyofanya kazi.

Leo kuna chumba cha kuonyesha vifaa hivyo. Kuna shati zito lenye mikono mirefu kupita kiasi: mgonjwa alikunjwa mikono kifuani, kisha mikono ya shati ikafungwa mgongoni. Kuna beseni la tiba ya maji. Katika tiba hiyo mgonjwa aliyechachamaa alilazwa majini kwa saa nyingi, beseni likafunikwa turubai, kichwa pekee kikabaki nje.

Kilichonitisha zaidi ni habari za lobotomia, upasuaji wa kukata mishipa ya ubongo. Daktari Walter Freeman alipitisha chuma chembamba juu ya mboni ya jicho, akakigonga kwa nyundo mpaka kikaingia ndani. Mwaka 1952 alizunguka hospitali za serikali za West Virginia, na katika muda wa wiki mbili hivi wakapasuliwa watu 228. Wengi waliopasuliwa namna hii zama zile walitulia kweli, lakini utulivu wa mtu aliyezimwa. Na tusidhani ilikuwa kazi ya siri: mwanzilishi wa upasuaji huo, Egas Moniz wa Ureno, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1949.

Miaka hiyo hiyo dawa za kutuliza maradhi haya zikaanza kupatikana, na polepole wagonjwa wakapungua. Hospitali ikafungwa 1994. Mwaka 2007 jengo liliuzwa kwa mnada, dola milioni 1.5, na sasa linaingiza watalii.

Msomaji, usiseme hayo ni ya Wazungu. Nilipokuwa mdogo, mtaani kwetu kulikuwa na kaka mmoja aliyefungwa mnyororo mguuni, chini ya mwembe uani kwao. Mamake alimlisha kwa mkono wake mwenyewe. Hakuwa mkatili mama yule. Alikuwa peke yake, na sisi watoto tulikwenda kumchungulia mwanawe na kucheka. Hakuna mtu mzima aliyetukemea.

Minyororo ingalipo katika baadhi ya nyumba zetu, imefichwa kwa kuogopa aibu. Kumsomea mgonjwa Qur'ani ni jambo la kheri, na dua haimzuii mtu kutafuta dawa. Hapa Mombasa, Port Reitz kuna kitengo cha wagonjwa wa akili. Ukimjua jirani mwenye mgonjwa ndani, mbishie hodi. Mwambie utamsindikiza.