Messiah ya Handel: Rekodi Tunazozipenda na Deni Lililolipwa



Katika kwaya yoyote ya sauti nne kuna maswali mawili yasiyoisha: nani amechelewa tena mazoezini, na wimbo huu uimbwe kwa mwendo gani. La kwanza tumwachie katibu. La pili huzuka kila tunapofungua solfa ya Haleluya, ile ya Messiah ya George Frideric Handel. Mmoja ana rekodi kwenye simu ambamo wimbo unakwenda taratibu, kwa uzito, kwaya ikinguruma kama mawimbi. Mwingine ana rekodi ambamo waimbaji ni wachache na mwendo ni mwepesi, kila neno linasikika. Kila mmoja anaapa kwamba yake ndiyo sahihi. Kwa kuwa tunasherehekea yubilei ya miaka hamsini, na wengi mmeomba wimbo huu uwemo katika ibada ya leo, tumeona vyema tueleze rekodi hizo zilitoka wapi na kwa nini zinatofautiana hivyo.

Tuanze na wimbo wenyewe. Handel, Mjerumani aliyehamia London, aliandika Messiah mwaka 1741 kwa muda wa siku 24, kuanzia tarehe 22 Agosti hadi 14 Septemba. Maneno alipewa na Charles Jennens, aliyeyakusanya kutoka Biblia. Wimbo haukuimbwa kwanza London bali Dublin, Ireland, tarehe 13 Aprili 1742, katika ukumbi wa muziki wa mtaa wa Fishamble. Watu wapatao 700 walijibana humo. Ili nafasi itoshe, mabibi walikuwa wameombwa wasivae magauni yenye pete pana, na mabwana wasije na panga zao. Kwaya ilikuwa ya wanaume na wavulana kutoka makanisa makuu mawili ya mji huo, St Patrick's na Christ Church. Haikuwa kubwa kuliko kwaya nyingi za parokia zetu.

Tunajua pia hesabu za Hospitali ya Foundling ya London, makao ya watoto waliotupwa, ambako Messiah iliimbwa kila mwaka kuanzia 1750 ili kuchangia watoto hao. Mwaka 1754 waliolipwa kuimba katika kwaya walikuwa 19 tu, sita kati yao wakiwa wavulana.

Ukubwa ulikuja baada ya Handel kufariki mwaka 1759. Mwaka 1784, katika kanisa la Westminster Abbey, waimbaji na wapigaji ala zaidi ya 500 walikusanywa kumkumbuka. Mwaka 1857, katika jumba la vioo la Crystal Palace, waimbaji walifika 2,000 hivi. Zilikuwa siku ambazo mchungaji John Curwen alikuwa akieneza solfa, iliyotokana na kazi ya mwalimu Sarah Glover wa Norwich, ili mfanyakazi wa kiwandani na mtoto wa shule waweze kuimba sauti nne bila kusoma noti za mistari. Solfa hiyo hiyo ilisafiri na wamisionari hadi Afrika, ndiyo maana babu zetu waliweza kuimba Haleluya bila kuwa na piano.

Sasa tuje kwenye rekodi. Santuri za zamani zilibeba muziki wa dakika nne au zaidi kidogo kwa kila upande. Haleluya ilienea upande mmoja, lakini Messiah nzima ilihitaji rundo la santuri, na msikilizaji alisimama mara kwa mara kugeuza.

Rekodi ya kwanza ambayo wapenzi wa kwaya kubwa huitetea ni ya mwaka 1946, Malcolm Sargent akiongoza Huddersfield Choral Society, kwaya ya mji wa viwanda vya nguo iliyoanzishwa mwaka 1836. Hapa unasikia watu wa kawaida walioimba kitabu hiki mwaka baada ya mwaka tangu utotoni. Mwendo ni wa pole, okestra imeongezewa ala, na besi zinasimama kama ukuta. Anayesema kwamba Messiah ni wimbo wa jumuiya nzima ana ushahidi wake hapa.

Mwaka 1959 Thomas Beecham aliurekodi akiwa na Royal Philharmonic Orchestra. Alimwomba Eugene Goossens aandike upya sehemu za okestra, na humo yamo matoazi ambayo Handel hakuyaandika popote. Wataalamu wengi huikemea. Lakini mwekee mtoto wa Sunday School rekodi hiyo ya Haleluya, umtazame uso wake matoazi yanapopigwa. Ni Messiah ya sherehe, na sherehe nazo zina mahali pake.

Mwaka 1966 upepo uligeuka. Colin Davis, akiwa na London Symphony Orchestra na kwaya yake, alitumia waimbaji wachache kuliko ilivyozoeleka, akaondoa ala zilizoongezwa na kuchangamsha mwendo. Waliokulia katika Messiah nzito walishtuka. Wengine walihisi kana kwamba dirisha limefunguliwa. Mwaka 1980 ikatoka rekodi ya Christopher Hogwood na Academy of Ancient Music, iliyofuata Messiah ya Hospitali ya Foundling ya mwaka 1754. Vayolini na tarumbeta ni za aina ya enzi za Handel, zimepangwa chini kwa karibu nusu toni kuliko zetu, na soprano za kwaya ni wavulana wa Christ Church, Oxford. Mwaka 2006 John Butt na kikundi cha Dunedin Consort kutoka Scotland waliirudia Messiah ya Dublin ya 1742, waimbaji wa solo wakiimba pia ndani ya kwaya. Hapo hakuna mtu wa kujificha nyuma ya mwenzake.

Na vijana wetu wasije wakasema wamesahaulika: mwaka 1992 wanamuziki Wamarekani weusi walitoa albamu ya Messiah kwa mitindo ya gospeli, jazi na soul, Quincy Jones akiongoza Haleluya ya mwisho. Noti nyingi si za Handel, lakini furaha ni ile ile.

Ukitaka kuzilinganisha, usianze na Haleluya, kwa maana inapendeza hata ikiimbwa vibaya. Anza na wimbo wa kwaya uliotoka Isaya 9:6, unaotangaza kuzaliwa kwa mtoto. Una mifululizo mirefu ya noti kwenye silabi moja, na hapo ndipo kwaya hupimwa. Kwa Sargent, mifululizo hiyo ni kazi ya watu wengi wanaopanda kilima pamoja. Kwa Hogwood na Butt inateleza kama maji. Na kuna siri moja: muziki wa sehemu kubwa ya wimbo huo Handel aliutoa katika wimbo wake mwenyewe wa mapenzi wa Kiitaliano, aliouandika kwa soprano wawili tu wiki chache kabla. Wepesi, basi, ulikuwamo tangu mwanzo. Lakini majina ya mtoto yanapotajwa, kwaya nzima ikiingia kwa kishindo, utamkumbuka Sargent na watu wake wa Huddersfield. Kwa maoni yetu, mazoezi ya wimbo huo yafuate Hogwood, ili kila noti isikike. Siku ya ibada, watu wakijaa hadi milangoni, tuwe na moyo wa Huddersfield. Mwalimu wa kwaya ana haki ya kutupinga.

Handel mwenyewe hangetusaidia kuamua. Aliubadilisha wimbo huu karibu kila alipoupiga, akimpa alto kilichokuwa cha besi na kuandika upya solo kulingana na waimbaji aliowapata. Rekodi zote hizi ni majibu ya watu waliofanya kazi kwa sauti walizokuwa nazo, kama kwaya yetu ilivyofanya kwa miaka hamsini.

Liko jambo moja, hata hivyo, lisilosikika katika rekodi yoyote. Mapato ya siku ile ya Dublin yaligawanywa mara tatu: sehemu mbili zikaenda kwa hospitali mbili za maskini, Mercer's na Charitable Infirmary, na sehemu ya tatu kwa wafungwa wa madeni. Siku hizo mtu aliyeshindwa kulipa deni alifungwa gerezani, na akiwa ndani hakuwa na njia ya kupata fedha za kujikomboa. Kwa fedha za Messiah, wafungwa 142 walilipiwa madeni yao wakarudi nyumbani.

Tukisoma Mambo ya Walawi 25, hiyo ndiyo yubilei yenyewe. Mwaka wa hamsini haukuwekwa kwa ajili ya keki na sare mpya. Uliwekwa ili aliyejiuza kwa umaskini aachiliwe, arudi kwa jamaa yake na kwa shamba la baba zake.

Hatuhitaji kwenda mbali kuwatafuta watu kama hao. Kila mmoja wetu amewahi kuchangia harambee ya mgonjwa aliyepona lakini akazuiliwa wodini kwa sababu ya bili, au ya familia iliyoshindwa kutoa mwili wa mpendwa wao mochari. Mama amejifungua salama, mtoto ni mzima, na bado wote wawili hawawezi kwenda nyumbani. Hao ndio wafungwa wa madeni wa siku zetu.

Kwa hiyo tunatoa ombi kwa kamati ya yubilei na kwa washarika wote. Kwaya inapanga kurekodi nyimbo zake, na Haleluya itakuwamo. Mwendo wake tutaendelea kuubishania Jumamosi baada ya Jumamosi. Lakini tukubaliane mapema kwamba theluthi moja ya mapato, kama ile ya Dublin, italipa bili za wagonjwa waliozuiliwa. Na watakaoruhusiwa kwenda nyumbani, kwaya iende hospitalini iwasindikize kwa wimbo.