Nguvu za Sisimizi

Mwaka 1938 vijana wawili, Jerry Siegel na Joe Shuster, walitoa huko Marekani hadithi ya picha juu ya Superman, mtu aliyeletwa duniani angali mtoto kutoka sayari nyingine. Aliinua motokari, akaruka karibu meta 200. Watoto walifurahi, wala hatuwalaumu.

Lakini watungaji walitaka kueleza pia asili ya nguvu hizo. Wakasema: sisimizi huinua mzigo unaopita uzito wake mara mamia, na panzi huruka mbali sana, basi, mtu asiweze kwa nini?

Hapo walikosa. Galileo alikwisha kufundisha jambo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1638. Ukimkuza mnyama mara 10 kwa urefu, kwa upana na kwa kimo, uzito wake huzidi mara 1,000, bali nguvu ya mifupa yake huzidi mara 100 tu. Basi sisimizi mkubwa kama mtu asingeinua motokari. Miguu yake mwenyewe ingemshinda. Nguvu zake zatokana na udogo wake.

Mtoto mmoja wa katekisimu aliniuliza: «Mwalimu, mbona Mungu alitunyima nguvu za sisimizi?» Nikamjibu: «Hakutunyima, mwanangu. Kila kiumbe amekipa kipimo chake. Tena mtazame vizuri: mzigo ukimshinda, huja wenzake wakaukokota pamoja. Hilo nasi twaweza.»